Acheke Anayefagia: Mwongozo kwa Wanaoishi na Paka

Mtu aliyekubali kuishi na paka chini ya dari moja amekubali pia, apende asipende, kwamba siku moja atakuta samaki aliyemnunua kwa bei ghali ameliwa kichwa, na siku nyingine atakuta nyayo nyeupe za unga zimepita juu ya sakafu nyekundu iliyopigwa deki asubuhi ile ile, zikapanda mkekani, zikaishia juu ya msala uliokunjwa, na mwenye nyayo amejikunja hapo hapo akilala usingizi usio na hofu ya hukumu. Wahenga waliponena kuwa paka wa nyumba haingwa walitoa ruhusa pana sana, na mwenye kuipokea ruhusa hiyo hana budi kujifunza namna ya kuipokea na taabu iliyofungamana nayo. Nakusudia kukuonyesha, msomaji, namna ya kuipokea taabu hiyo kwa cheko badala ya fimbo. Sisemi cheko kwa maana ya uzembe, kwani uchafu ulioachwa mpaka ukanuka haumchekeshi mtu. Nasema cheko la mtu aliyefahamu lililotokea, akainama, akaliondoa.

Sharti la kwanza ndilo kubwa, nami nalitanguliza kwa sababu wengi hulipuuza. Haki ya kucheka uchafu wa mnyama ni ya yule anayeusafisha. Bwana wa nyumba akiwa ameegemea takia, akaangua kicheko kwa kuwa paka amepindua jungu la mchuzi, ilhali mtumishi au binti wa miaka 12 amepiga magoti sakafuni na kitambaa mkononi, kicheko hicho si bashasha hata kidogo. Ni dhuluma, na anayefagia huisikia hivyo hata kama hasemi. Basi ukitaka kucheka, shika ufagio. Utaona mwenyewe kwamba mambo hugeuka: aliyekuwa amekasirika hupoa akiona bwana ameinama naye, watoto huja kutazama wakashika vitambaa vyao, na jambo lililokuwa msiba wa mtu mmoja huwa hadithi ya nyumba nzima. Hii ndiyo njia iliyo sahali kuliko zote ya kuitoa furaha ndani ya hasara, na haihitaji fedha wala elimu.

Sharti la pili ni kutazama kabla ya kucheka. Yako maovu yaliyojificha ndani ya mambo yanayochekesha, na mwenye pupa ya kucheka huyapita bila ya kuyaona. Ukikuta chombo kimevunjika, tazama kwanza nyayo za paka kama zina damu, kisha uwaondoe watoto waliokwenda chini bila ya viatu. Ukikuta mafuta ya taa yamemwagika na paka amelowa, usingoje, kwa sababu paka hujisafisha kwa ulimi, na kila kilichoshika manyoya yake kitaingia tumboni. Mwoshe kwa maji na sabuni, umfutefute mpaka akauke, umpeleke kwa daktari wa mifugo. Ukikuta karatasi ya vidonge imetafunwa, hesabu vidonge vilivyobaki, maana parasitamoli, ambayo sisi humeza tukiumwa na kichwa, ni sumu kali kwa paka hata ikiwa kidonge kimoja. Vitunguu maji na vitunguu saumu navyo humdhuru damu, kwa hiyo paka aliyelamba sufuria ya mchuzi wa viungo asipewe tena kwa kuwa eti amependa. Kadhalika, paka dume anayechuchumaa hapa na pale, akajikamua asitoe kitu au akatoa tone moja, huenda akadhaniwa kuwa anafanya vituko vya kuchafua nyumba, ilhali njia ya mkojo imemziba, na asipotibiwa upesi hufa katika siku chache. Jambo hilo halina cheko, na daktari aitwe siku ile ile.

Baada ya kuhakikisha kwamba hapana hatari, liko jambo la insafu. Je, una yakini kuwa mtenda ni yeye? Husimuliwa katika hekaya za Juha, na Mawlana Rumi naye aliitia hekaya hiyo katika Mathnawi yake katika karne ya 13, kwamba mtu mmoja alileta nyama nyumbani, mkewe akaila yote, na alipoulizwa akasema paka ndiye aliyeila. Mume akamtwaa paka akampima katika mizani, akakuta uzito wake ni sawasawa na uzito wa nyama iliyopotea, basi akauliza: ikiwa huyu ni paka, nyama iko wapi, na ikiwa hii ni nyama, paka yuko wapi? Watu wameicheka hekaya hii karne nyingi, walakini ndani yake mna fundisho la kufaa kila jiko, kwa kuwa nyumba yenye paka ni nyumba ambayo kila kilichopungua kina mshitakiwa tayari asiyeweza kujitetea.

Na hata kama una yakini, fimbo haitakufaa kitu. Hayawani hafungamanishi kipigo cha sasa na kosa la saa iliyopita. Hujua tu kwamba mtu huyu, mahali hapa, huumiza. Wenye mbwa hubisha, wakasema mbwa wao akikosa huonyesha uso wa toba, masikio yamelala na macho yametazama kando. Mwaka 2009 mtaalamu wa tabia za wanyama Alexandra Horowitz, wa Chuo cha Barnard mjini New York, alichapisha utafiti juu ya mbwa 14, ambao bwana zao waliwakataza kula kitu kisha wakatoka chumbani, na waliporejea wakaambiwa kuwa mbwa amekula au hakula, pengine kwa kweli na pengine kwa uongo. Uso ule wa toba ulifuata makaripio ya bwana wala haukufuata kosa la mbwa, na hata mbwa asiyegusa kitu aliuonyesha alipokaripiwa. Tunachokisoma katika uso huo, basi, ni hofu ya ghadhabu yetu, wala si maungamo yake. Mwenye kulijua hili huona aibu kumwinulia mkono paka aliyelala juu ya unga.

Cheko la dhati hutoka katika kuelewa sababu, na kila uchafu una sababu yake. Chukua jambo la maziwa, ambalo lipo katika nyumba nyingi za pwani na za bara. Mtu humhurumia paka wake, akammiminia kisahani cha maziwa ya ng'ombe, naye paka akayanywa kwa raha, akajilamba masharubu, na baada ya saa chache akaharisha juu ya busati. Mwenye nyumba hushangaa kwa nini hisani yake imelipwa hivyo, naye hajui kwamba paka wengi, wakishaachishwa ziwa la mama yao, hupoteza ule uwezo wa kuisaga sukari iliyomo ndani ya maziwa, nayo ikafika matumboni mwao nzima nzima na kuyavuruga. Aliyechafua busati ni yule aliyemimina maziwa. Mimi naliona jambo hili kuwa la kuchekesha kweli kweli, nalo lachekesha zaidi kila linavyoeleweka, tena ni rahisi kulikomesha: mpe maji.

Paka anayekwaruza mguu wa kiti hashindani nawe katika umiliki wa samani. Anavua maganda ya nje ya makucha yake, ananyoosha mgongo, na anaacha harufu yake inayotoka katika nyayo. Paka anayeleta mjusi aliyekatika mkia na kumlaza kando ya mto wako anafuata desturi ya jinsi yake, kwa sababu paka jike huwaletea watoto wake mawindo ili wajifunze, na nyumba yako ndiyo pango analolijua kuwa salama. Paka anayepanda kwenye zidaka, zile shubaka za chokaa zinazopambwa kwa sahani za kaure katika majumba ya zamani ya Lamu, hana chuki na kaure. Hupenda mahali palipoinuka ambapo huona wote waingiao, naye asionwe na mtu, na sahani huwa imekaa pale anapotaka kuweka mguu. Akiisukuma kwa kiganja, akaitazama inavyokwenda ukingoni, akaisukuma tena, anafanya vile afanyavyo kwa panya asiyejitikisa, na ikiwa ulikuja mbio na kelele mara ya kwanza, umemfundisha kuwa sahani ndiyo kengele ya kukuita.

Hayawani wengine nao wana hoja zao, nitazipitia kwa haraka. Kuku anayeingia chumbani akataga ndani ya kapu la nguo zilizopigwa pasi anatafuta giza, ulaini na upweke, navyo vyote vitatu amevipata kwako. Mtoto wa mbwa anayetafuna viatu ana meno 28 ya utotoni yatakayong'oka kati ya mwezi wa nne na wa sita au wa saba, yakafuatwa na 42 ya ukubwani, na ufizi humuwasha. Mpe kitambaa kilicholoweshwa maji baridi na uviweke viatu vyako juu. Mbuzi anayekula ncha ya kanga iliyoanikwa hana udhuru mkubwa, na kamba ya nguo ipandishwe.

Sasa nije katika kazi ya mikono, maana nimesema kwamba cheko na ufagio havitengani. Unga uliomwagika usiutie maji kwanza, kwani utageuka gundi na kazi ya dakika tano itakuwa ya nusu saa. Ufagie ungali mkavu, kwa ufagio mlaini, ukianzia pembeni kuja katikati, kisha ndipo ufute kwa kitambaa chenye unyevu. Yai lililovunjika lifunike kwa chumvi, uliache dakika kumi hivi likaze, ulizoe, na maji utakayotumia yawe baridi, kwa sababu maji ya moto hulipika na kulishikisha sakafuni. Samli na mafuta ya kupikia yanyunyizie unga au majivu makavu yayanywe kwanza, ndipo uje na sabuni. Manyoya yaliyonasa katika busati na mito hayatoki kwa ufagio. Lowesha kiganja chako kidogo, ukipitishe upande mmoja tu, nayo yatajikusanya yakawa kishada.

Mkojo ndio mtihani mkubwa, nao wastahili maneno zaidi. Usisugue, kwani kusugua kunauzamisha. Ukandamize kwa matambara makavu mpaka yasitoke na unyevu, umimine maji safi, ukandamize tena, kisha tumia siki iliyochanganywa na maji, na mwisho uanike juani ikiwa ni kitu cha kubebeka. Katika mkojo wa paka mna chembe za asidi isiyoyeyuka vyema katika maji, ndiyo sababu harufu hurudi siku za unyevunyevu hata baada ya kufua, na ndiyo sababu yafaa kurudia kazi hii zaidi ya mara moja. Jihadhari na dawa zenye amonia, kwa kuwa harufu yake yafanana na ya mkojo, naye paka ataifahamu kuwa ni mwaliko wa kurejea pale pale. Jihadhari zaidi na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo: ikikutana na mkojo hutoa hewa yenye sumu inayochoma mapafu, hasa katika chumba kisicho na madirisha. Na kwa wanaoswali, mkojo na kinyesi cha paka ni najisi, kwa hiyo msala uliopatwa uoshwe kabla ya sala. Ama kinywa chake na maji aliyoyanywa ni tohara. Imepokewa katika Muwatta ya Imamu Malik, na katika Sunan za Abu Daud na Tirmidhi, kwamba Kabsha binti Kaab alimtilia Abu Qatada, baba wa mumewe, maji ya kutawadhia, akaja paka kutaka kunywa, na Abu Qatada akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa. Na alipomwona mkaza mwanawe anamtazama kwa mshangao, akamweleza kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, amefundisha kuwa paka si najisi, bali ni katika hao wanaowazungukia watu majumbani mwao. Alichofanya mzee yule ni kidogo sana, kuinamisha chombo, nacho kimehifadhiwa vitabuni zaidi ya miaka elfu.

Bibi zetu hawakuwa na makabati ya barafu, walakini walijua kuishi na paka kuliko sisi. Chakula kilichopikwa kilifunikwa kwa kawa, na kile cha kulala kilitundikwa darini kwa susu, mahali ambapo paka angeweza kunusa tu. Vitu hivi bado vinasukwa, na bei yake si kitu mbele ya kilo moja ya nguru. Kwa ajili ya makucha, twaa kipande cha mti au gogo la mnazi, ulizungushie kamba ya usumba, ulisimamishe imara karibu na kiti kinachoteswa, kwani likitikisika paka atalikataa. Kwa ajili ya haja, weka sanduku la mchanga au la unga wa mbao mahali pa faragha, mbali na chakula chake, ulizoe kila siku, na ikiwa una paka wawili weka masanduku matatu, kwani paka hukataa choo kichafu kwa ukali uleule ambao wewe ungekikataa. Mja mzito asiishike kazi ya kuzoa. Mna kijidudu katika kinyesi cha baadhi ya paka kinachoweza kumdhuru mtoto aliyemo tumboni, na kuzoa kila siku kwafaa hata kwa sababu hii, maana kijidudu hicho huhitaji siku moja na zaidi nje ya mwili kabla ya kuweza kuambukiza. Paka dume akianza kurusha mkojo ukutani kwa mkia uliosimama, aghalabu baada ya miezi sita, hakuna sabuni itakayomshinda. Ahasiwe na daktari, na wengi wao huacha.

Zamani hizi za picha za simu nina neno la kusema juu ya mipaka ya mzaha. Mtu akimtisha paka kwa kumwekea kitu nyuma yake ili aruke, au akamfungia katika chombo cha maji watu wapate kumwona anavyohangaika, hachekeshwi na mnyama. Anamtesa mnyama ili achekeshe watu. Twajua habari iliyopokewa ya mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache akajitafutie wadudu wa ardhi. Paka anayeogopa hulaza masikio nyuma, hupanua mboni za macho na kupigapiga mkia. Ukiziona dalili hizo, weka simu chini. Mtoto akiumwa au akiparuliwa katika mzaha wa namna hiyo, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali bila ya kungoja, kwani kichaa cha mbwa hupitia kwa paka pia, na dalili zake zikishatokea karibu hakuna anayepona.

Cheko la halali ni tamu zaidi likisimuliwa, na kusimulia nako kuna adabu. Simulia barazani jioni, si mbele ya mtu ambaye kanzu yake ndiyo iliyoharibika, mpaka kwanza umemlipa au umemfulia. Simulia kwa mpangilio: kilichokuwapo, alichokifanya mnyama, ulichokikuta, na ulichofanya wewe, usiongeze uongo, kwa kuwa paka hafanyi mambo madogo yanayohitaji kukuzwa. Waachie watoto wasimulie sehemu yao. Husimuliwa juu ya Sheikh Ahmad al-Rifai, aliyefariki mwaka 1182 na ambaye tarika yake imefika mpaka Unguja, kwamba paka alilala juu ya mkono wa kanzu yake, wakati wa sala ukaingia, naye hakutaka kumwamsha, basi akaukata mkono wa kanzu akaenda kuswali. Na aliporejea, paka akiwa amekwisha ondoka, akautwaa mkono ule akaushona mahali pake. Watu hukumbuka kukata wakasahau kushona, nami nakusihi ukisimulie kisa hiki usiache kushona, maana ndiko kulikompa kazi sheikh.

Limebaki jambo moja. Paka aliyekuwa akitumia sanduku lake vyema kwa miaka mingi, akaanza uzeeni kukojoa alipolala, au akawa anakunywa maji kupita kiasi na kuchafua kila pahali, hayuko katika michezo, wala hapana la kucheka. Mwekee tandiko kavu, sanduku lenye ukingo mfupi asilohitaji kulirukia, na maji yasimpungukie, kisha umpeleke kwa daktari wa mifugo. Kiu iliyozidi pamoja na mkojo mwingi kwa paka mzee aghalabu ni dalili ya maradhi ya figo au ya kisukari, na maradhi hayo yakigunduliwa mapema, chakula maalumu na dawa huweza kumwongezea muda wa kuishi kwa raha.